Kitambaa cha Nyanya Chungu

Kambini, 22 Juni 1997

Shangazi Semeni, shikamoo.

Mimi nimefika salama, mgongo tu ndio unauma. Nilikaa juu ya magunia ya unga na yule dereva Feliksi hapunguzi mwendo kwenye mashimo. Baba mwambie nyavu zake nilimaliza kuzishona siku ile ya mwisho, zipo nyuma ya mlango, asije akasema nimeondoka nimeziacha. Mdogo wangu Tatu na tumbo lake hajambo? Na yule mbuzi bado anakula kanga zako kwenye kamba?

Kazi niliyopewa siyo ya kubeba magunia kama tulivyofikiri. Wamenipa bomba. Kuna kituo cha maji cha wakimbizi, koki sita, ufunguo ninao mimi. Nafungua saa kumi na mbili asubuhi, nafunga saa nne, halafu nafungua tena saa tisa mchana mpaka saa kumi na moja. Watu wanapanga madumu foleni, mimi naangalia mtu asimruke mwenzake. Ni wengi shangazi. Warundi, wanawake karibu wote, na wote wananiangalia mimi. Kiha cha mama kinanisaidia, wakiongea nasikia, ila mdomo wangu unakuwa mzito. Wakigombana najifanya nakaza koki.

Nikwambie ukweli, mwisho wa mwezi nafikiri nitarudi nyumbani. Siyo kwamba kazi ni ngumu. Ni macho ya watu.

Ila kuna kitu kimoja. Maji yanayomwagika pale bombani yanaingia kwenye mtaro, na mtaro unakwenda bondeni, na pale bondeni udongo ni mweusi, ukiufinya unabaki na alama za vidole. Hakuna aliyeupanda. Siku tatu nimekaa pale baada ya kazi, naangalia tu. Watu hapa wanapewa unga, maharage na mafuta, mboga ya majani hakuna. Kama unayo mbegu kidogo ya lengalenga, hata ya kushika kwa vidole viwili, mpe Feliksi. Kila Jumatano anapakia mzigo, anapita Mwanga kwenye lile duka la kamba karibu na soko.

Madumu yameanza kugongana, wacha niende.

Mwinshehe


Ujiji, 9 Julai 1997

Mwanangu Mwinshehe,

Marahaba. Huu mwandiko ni wa Mwalimu Joanitha, yule mpangaji wangu wa chumba cha mbele, mtu wa Bukoba. Mimi nasema yeye anaandika, na nimemkataza kunipamba maneno.

Baba yako nyavu kaziona. Hakusema kitu, kwa hiyo kafurahi. Tatu anatembea kama bata. Mbuzi kala kanga ya tatu, ile ya zambarau, na safari hii nimemfunga kamba fupi mpaka ajifikirie.

Kurudi usirudi. Una miaka ishirini na moja. Ulipokuwa mtoto wenzako wakicheza mpira wewe unajificha kwenye matuta yangu, nikakufundisha kupalilia kwa sababu ulikuwa umekaa pale pale, ningefanyaje. Sasa umepata watu na umepata maji. Kaa.

Ndani ya karatasi hii kuna vifurushi viwili. Kikubwa ni lengalenga. Kidogo usikifungue penye upepo. Ni nyanya chungu ya bibi yako. Alivuka nayo ziwa kutoka ng'ambo, kaifunga kwenye pindo la kanga, mimi bado sijazaliwa, na tangu siku hiyo haijakosekana uani kwetu hata mwaka mmoja. Wewe unaijua, nyeupe, ina mistari ya kijani, mdomoni haiwashi. Mwanga sokoni huipati, Katubuka huipati. Nimegawa iliyokuwa kwenye kibuyu, nusu yako, nusu yangu. Mtu wa nje ya nyumba hii sijawahi kumpa.

Sikiliza. Matunda mazuri ya mwanzo, matatu au manne, usiyachume. Yafunge kitambaa kwenye kikonyo, yakae mtini mpaka yawe mekundu na yaanze kusinyaa. Hayo ndiyo mbegu yako ya mwakani. Mengine yote ukisahau, hilo usisahau. Na asante usiniambie. Mbegu ikishukuriwa haioti.

Shangazi yako Semeni

(Mimi mwandishi nakusalimu. Naomba ujue kuwa lile boga lililooza mwezi wa tano si kosa langu. Nililinyooshea kidole nikiuliza ni la aina gani, kwetu tunauliza hivyo. Mpaka leo nikiingia uani natakiwa nikunje ngumi. J.)


Kambini, 7 Septemba 1997

Shangazi shikamoo, na Mwalimu Joanitha namsalimu.

Nimesikia kwa Feliksi kuwa Tatu amejifungua wa kike. Nimefurahi sana. Umwambie nitamletea nguo, ila asubiri maana huku nguo za mtoto zinauzwa na wanawake watupu, na mimi kuingia pale katikati kuuliza siwezi bado.

Vile vifurushi viliingia. Lile neno ulilonikataza sijalisema.

Nilichimba kajimtaro kadogo kutoka kwenye ule mkubwa, maji yanaingia yenyewe nikifungua bomba. Lengalenga nimeshakata mara mbili. Nyanya chungu nilizisia kitaluni, zikaota zote isipokuwa chache, nikapandikiza miche ishirini na sita, hatua moja moja kama ulivyonionyesha. Siafu walikuja, nikamwaga majivu. Sasa zimeanza maua.

Wanawake wa foleni wananicheka. Wameniita Bwana Bomba. Juzi nimeinama napalilia, mmoja kapaza sauti ili wote wasikie, "Bwana Bomba, kwenu dada zako wamekwenda wapi mpaka wewe unapalilia mboga?"

Nikaendelea kupalilia. Mwingine akamwambia, "Mwache, huyo anafanya mazoezi. Akioa mkewe atakaa kwenye kiti."

Wakacheka, na mimi nikacheka kidogo nikiwa nimeinama, nafikiri hawakuona. Baadaye yule aliyeanza alikuja na bakuli la maharage, akataka lengalenga. Nikamkatia. Kesho yake wakaja watano. Sasa maharage ninayo mengi, kila siku nakula maharage na lengalenga, na wao vile vile, tumelingana.

Kuna mmoja hacheki. Anaitwa Marcelina, mtu mzima kiasi chako au chini yake. Akipita na dumu lake anasimama, anaangalia matuta, halafu anakwenda. Simjui vizuri.

Mwisho wa mwezi ulipita sikurudi. Nilisahau.

Mwinshehe


Ujiji, 12 Oktoba 1997

Mwanangu,

Sisi wazima. Mtoto wa Tatu ana sauti ya mnadani, baba yako amehamia kulala mwaloni kwenye mitumbwi, anasingizia dagaa. Goti langu linauma ila nikiwa nimeinama haliumi, kwa hiyo nainama.

Nimefurahi mambo ya miche ishirini na sita. Mimi mwaka huu nina kumi na minne tu, nafasi nyingine niliwapa bamia. Nakutumia kipande cha kanga ile mbuzi aliyoitafuna, kichane vitambaa vyembamba. Matunda yakifika ukubwa wa yai la kuku, chagua. Usichague kubwa kuliko yote, chagua lililo zuri kwenye mche wenye afya. Ukishafunga usiguse tena.

Karatasi hii ina udongo, Mwalimu ananilalamikia. Nimemwambia wewe hujali.

Shangazi yako


Kambini, 30 Novemba 1997

Shangazi shikamoo. Nguo za mtoto nimenunua. Niliingia pale sokoni asubuhi kabla hawajajaa, nikaonyesha kwa mkono, nikalipa, nikatoka. Mfuko anao Feliksi.

Shangazi, vile vitambaa vimeniletea maneno.

Nilifunga matunda manne, nyanya chungu zimezaa mpaka miche inalala. Ilikuwa Ijumaa. Jumamosi asubuhi nafungua koki, foleni ni fupi. Jumapili ikawa fupi zaidi. Jumatatu nina madumu kumi na moja, na kule bomba la pili kwa mwenzangu watu wanapigana. Nikasema labda maji yangu yananuka. Nikayanywa, hayanuki.

Msimamizi wetu anaitwa Leodgar, mtu wa Songea, mnene, kofia haivui hata akila. Akaja mwenyewe na daftari.

"Mwinshehe, wewe umefunga nini kule bondeni?"

"Nyanya chungu."

"Nyanya chungu wanazifunga kwani zina mbio?"

Nikamweleza za mbegu. Nilieleza vibaya, nilikuwa naangalia viatu vyake. Akaniambia, "Watu wanasema Mwujiji kazindika bomba. Ukiteka maji yake tumbo linavimba. Mimi najua ni upuuzi, lakini maji yangu yanamwagika upande mmoja na upande wa pili wanavunjiana madumu. Viondoe."

"Ni vya mbegu, bwana."

"Viondoe leo. Matunda yabaki, vitambaa viondoke."

Nikavifungua vyote vinne mbele ya watu. Foleni ilirudi siku ya pili, wakanisalimia kama hakuna kitu kilichotokea. Mimi matunda yenyewe nayajua yalipo, yameshakuwa ya njano, nitayalinda kwa macho. Nimekwambia ili usije ukasikia kwa Feliksi, yeye akihadithia ataweka na nyoka.

Mvua zimeanza. Huku inanyesha mpaka mchana hauonekani.

Mwinshehe


Ujiji, 14 Desemba 1997

Mwanangu,

Tumecheka mpaka Mwalimu kaangusha kalamu. Bibi yako angekuwa hai angetaka kuja kumwona huyo bwana wa kofia.

Kufungua umefungua, sawa, mkubwa kasema. Ila macho usiyatoe pale. Na yakishasinyaa ponda, osha, anika kivulini, usianike juani.

Mvua huku nayo haina adabu. Ziwa limepanda limefika kwenye tuta la chini kabisa, baba yako kasema amevua mgebuka kwenye bamia zangu. Uongo, lakini tumecheka.

Nguo za mtoto zimemtosha.

Shangazi yako


Kambini, 20 Januari 1998

Shangazi shikamoo. Mimi mzima.

Barabara ilikatika, ndiyo maana kimya. Feliksi alikaa wiki mbili ng'ambo ya daraja na unga wake. Tumekula maharage matupu. Mtaro wangu uligeuka mto, bonde lote likawa bwawa, kwa hiyo bustani kwa sasa imepumzika. Nitaanza tena maji yakipungua.

Kuna jambo nimeanza kukuandikia mara mbili nikalifuta. Siyo la ugonjwa, usiogope.

Kama mvua huku ni hivi, huko ziwa likoje? Uani kwetu kukoje?

Msalimie Mwalimu.

Mwinshehe


Ujiji, 15 Februari 1998

Mwanangu Mwinshehe,

Sisi wote wazima. Mtoto ameota jino. Baba yako amerudi kulala nyumbani. Mbuzi tulimuuza, nafasi ilikuwa ndogo. Juzi nilikwenda Mwanga na Mwalimu kununua mboga, mchicha wao umekomaa kama kuni, nikauacha.

Ziwa lipo mahali pake.

Yale matunda manne yalikauka vizuri? Uliyaponda? Hukuniambia. Ulikuwa na mwezi mzima wa kuniambia na umeniambia habari za daraja.

Nilikuwa nafikiri ungenitumia mbegu kidogo ya huko, tulinganishe na ya hapa, tuone kama udongo mweusi umeibadilisha. Hata kijiko cha chai. Mpe Feliksi. Asiweke mfukoni mwa suruali, jasho linaiua, aweke juu mbele ya kioo cha gari.

Kama ulishazipanda zote pia sema. Ila sidhani kama ulizipanda zote, wewe nilikulea mimi. Basi hata mbegu kumi.

Shangazi yako Semeni

(Naomba radhi kwa barua fupi. Yapo niliyoambiwa nisiandike, na mimi ni mpangaji. J.)


Kambini, 22 Machi 1998

Shangazi shikamoo.

Nimeisoma barua yako mara nyingi, mimi kusoma kwangu unakujua, darasa la nne, narudia rudia mpaka linaingia. Nimeisoma bombani, nimeisoma chumbani. Leo nasema yote, halafu na wewe utaniambia.

Yale matunda manne yalichumwa tarehe sita Desemba. Nilikwenda asubuhi nikakuta vikonyo vitupu. Ilikuwa kama mtu kanipiga kofi. Siku tatu baadaye bonde likajaa maji, miche yote ishirini na sita ikanyauka kwa pamoja, sikupata hata tunda moja la kubakiza. Mbegu uliyonipa nilikuwa nimeisia yote. Nikasema nimemaliza mbegu ya bibi, iliyovuka ziwa, nimeimaliza mimi. Nusu yako ipo, nikajipoza kwa hilo, lakini kukwambia sikuweza.

Halafu nikawa nafikiri kwa utaratibu, kama vile nahesabu madumu. Mwenye njaa angechuma nyeupe, zilikuwa zimejaa pale. Nyekundu haipikwi, inachoma mdomo. Na yeye kachukua nne zile zile, nyeupe hakugusa hata moja. Kwa hiyo aliyechukua hakutaka kula. Alitaka mbegu.

Nikaanza kuangalia foleni. Kuangalia ndiyo kazi ninayoiweza. Nikaona Marcelina, yule niliyekwambia hacheki, anateka madumu sita kwa siku. Wenzake wenye watoto wanane wanateka manne. Na anavyobeba, la mwisho hafuniki, kama siyo la kunywa.

Ilinichukua wiki mbili kumuuliza. Siku hiyo alikuwa wa mwisho.

"Mama, watoto wako wangapi?"

"Watatu."

"Na madumu sita."

"Unanihesabia?"

"Ndiyo kazi yangu."

Akaniangalia, halafu kwa mara ya kwanza akacheka. "Njoo basi uone yanakokwenda."

Kibanda chao ni cha turubai kama vyote, kipo juu kwenye mteremko, maji hayatuami. Nyuma yake shangazi, pamelimwa pote mpaka ukutani. Miche thelathini na kitu ya nyanya chungu, nyeupe, mistari ya kijani, na tatu zimefungwa utepe wa kitenge.

Nikamwambia, "Hizi zangu."

"Zilikuwa zako," akasema. "Ukafungua kitambaa."

"Niliambiwa nifungue."

"Na nani?"

"Bwana Leodgar. Watu walisema ni uchawi."

Akakaa chini, juu ya dumu. Akaniambia kwao, kule alikotoka Makamba, intore, ndivyo wanavyoiita nyanya chungu, ikifungwa kitambaa hata mtoto mwenye njaa hagusi. Kikifunguliwa na matunda yamebaki, maana yake mwenye bustani kashatosheka na mbegu, hayo ni ya jirani, ajichukulie bila kuomba. Wenzake wa foleni ni watu wa mjini, alisema, hawajui, ndiyo maana wakaogopa. Yeye alikuwa anavitazama vile vitambaa kila siku, anangoja.

"Siku uliyofungua mbele za watu nikasema, huyu kijana kalelewa vizuri. Katuachia mbegu, na hata kichwa hainui ili tusione haya. Nikachukua. Sikukwambia asante, mbegu haishukuriwi. Sasa kumbe nilikuibia."

Nikamwambia hukuniibia. Nilimwambia kwa sauti kabisa, mpaka wanawe wakatoka nje. Nikamweleza kwetu kitambaa tunakifunga tu, kukifungua hakuna maana yoyote. Na nikamwambia ni mbegu ya nani. Nilimweleza bibi, pindo la kanga, ziwa, vyote. Sikumbuki kama nimewahi kuongea maneno mengi hivyo. Yeye aliniambia na yeye alipokimbia alifunga mbegu kwenye pindo, ila mtoni maji yalimfika kifuani.

Alikuwa amezipanda nusu na nusu kazikausha, kaziweka kwenye majivu. Zilizo kwenye karatasi hii ni hizo. Sikumpa kitu, hakutaka.

Sasa ya kwako. Shangazi, barua zako zote za mwanzo zina udongo pembeni, kidole gumba chako nakijua. Ya Februari ni safi. Wewe kununua mboga Mwanga, tangu nizaliwe sijaona. Mbuzi umemuuza kwa sababu ya nafasi, nafasi ya uani ilikwenda wapi? Na kuomba mbegu mara tatu kwenye karatasi moja, mtu mwenye kibuyu haombi. Ziwa haliko mahali pake. Liko uani kwetu.

Ungeniambia ningekuja, najua ndiyo maana hukuniambia. Ningepanda gari la Feliksi siku ile ile, na ningekuwa nimefurahi kupata sababu. Sasa siji. Nina foleni, na Marcelina kaniomba tuchimbe mtaro mwingine upande wa juu. Nitakuja sikukuu, kukuona tu, halafu nitarudi.

Zikianza kuota uniambie zimeota ngapi.

Mwinshehe


Ujiji, 10 Mei 1998

Mwanangu Mwinshehe,

Marahaba mara mbili, ya leo na ya ile barua.

Tatu hajambo, mtoto anatambaa, tumemfunga mguuni ile kamba ya mbuzi ili asifike kwenye maji. Nimeiunga, sasa ni ndefu, usiogope. Baba yako alisomewa barua yako yote na Mwalimu, akatoka nje akakaa na nyavu zake, na nyavu zilikuwa hazijachanika.

Ndiyo. Liliingia mwezi wa kwanza. Matuta yote yakaenda, bamia, mnavu, boga la Mwalimu, kila kitu. Nyumba haikuguswa, ipo juu. Jiko lilianguka tarehe nne na kibuyu kilikuwa kimening'inia humo, tulikikuta kinaelea. Mbegu zilikuwa zimevimba. Nilianika, nikasia kwenye karai, nikamwagilia mwezi mzima karai tupu. Tatu alinisema kwamba nazungumza nalo. Sikuwa nazungumza nalo, nilikuwa nalitukana.

Ulivyosema ndivyo, nilijua utakuja mbio. Nikasema nipoteze bustani na kijana apoteze kazi, hapana. Nikakataza wasikwambie. Wewe nawe ukawa unanificha, tukawa tunafichana kitu kile kile.

Ziwa limeanza kurudi. Limeacha tope zuri sana, jeusi, karibu lishinde hilo lako. Sikungoja likauke lote. Kifurushi kilifika Jumatano moja mwezi uliopita, Feliksi alikileta mpaka mlangoni, alikuwa kakiweka mbele ya kioo. Nilisia Alhamisi kwenye karai lile lile. Uliniuliza zimeota ngapi. Jana arobaini na moja. Leo asubuhi arobaini na nne, Mwalimu kahesabu na mimi nimehesabu, na amekunja ngumi vizuri bila kuambiwa.

Yule mama amefanya kama sisi, majivu na kivuli. Mkono wake ni mzuri. Nilikuandikia kwamba mtu wa nje ya nyumba hii sijawahi kumpa mbegu, na bado sijampa, kwa sababu huyo si mtu wa nje. Umwambie hivyo. Kama hakuelewa Kiswahili changu, mwambie kwa Kiha cha mama yako.

Ndani kuna vipande viwili vya kanga yangu mpya. Kimoja chako, kimoja chake. Mwezi wa nane nitafunga na mimi vyangu hapa, siku moja na nyinyi. Na tangu sasa uani kwangu kikishafunguliwa kitambaa, yanayobaki ni ya jirani. Nimeshawatangazia hapa mtaani, wananishangaa.

Bwana wa kofia mpelekee nyanya chungu sita apike.

Shangazi yako Semeni

(Mimi mwandishi. Hiyo alama ya udongo pale chini ni yake, nilimwomba anawe, akabonyeza kidole makusudi. Halafu alikaa karibu na karai muda mrefu, akaniambia lipo neno moja ambalo hata likinitoka kalamuni nilifute. Halikunitoka. J.)